Adapta ya Volti Mia na Ishirini

Abboowe Abdullahi, kaka yangu wa tumbo moja,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tuliyochapiwa viboko shuleni mpaka ikakaa mdomoni, kwa sababu Hooyo, mama yetu, haelewi Kiswahili kupita kile cha kununulia nyanya. Barua yako ya mwisho alinifanya niisome mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Hii sitamsomea. Hii ni yako, na ni ya kila mtu wa Garissa aliye na ndugu ng'ambo anayeamua mambo ya nyumba asiyoiona.

Unaikumbuka karakana ya kuchomelea mageti, kule karibu na Soko Ng'ombe? Ulikuwa kidato cha tatu, mimi bado msingi. Uliniingiza ndani fundi alipokwenda kuswali, ukanishika mkono ukauweka juu ya ile mashine kubwa ya kuchomelea. Ilikuwa ya moto kama ubavu wa ng'ombe, na ilinguruma.

"Ndani kuna nini kinachozunguka?" nilikuuliza.

"Hakuna kinachozunguka. Ni waya mbili tu, zimeviringishwa karibu karibu. Hazigusani hata kidogo."

"Kama hazigusani, umeme unavukaje?"

Ukacheka, ukanipiga kikofi cha kisogoni. "Fika kidato cha nne utajua."

Nilifika. Nilikariri kanuni, nikaiandika kwenye mtihani, nikapata alama. Kujua sikujua, Abboowe. Nilikuja kujua kwa sababu ya adapta yako, na sasa najua vizuri kuliko ninavyotaka.

Habari yenyewe umeisikia vipande vipande kutoka kwa wasafiri, kila mmoja akiipunguza makali asikuudhi. Mimi nimefungua shajara yangu, naifuata siku kwa siku, nakueleza ilivyokuwa.

Macho ya Hooyo yalianza kwa maumivu ya kichwa. Kisha akasema taa ya karabai imevaa pete za rangi. Nilimpeleka hospitali, daktari akampima akasema ni presha ya macho, inaua jicho kuanzia pembeni, na kilichokufa hakirudi. Aende Nairobi afanyiwe upasuaji mapema, ili kilichobaki kibaki. Aliniandikia barua ya kumpeleka. Nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha. Hooyo aliikunja barua ile akaiweka chini ya godoro.

"Mwanangu mkubwa akiniambia niende, nitakwenda."

Baba amekufa, na kwetu neno la nyumba ni lako. Nilimkumbusha kwamba mimi niko hapa, kwamba ndimi niliyesikia daktari kwa masikio yangu. Abti Bare, ndugu yake, alikuwa amekaa mkekani akichokonoa meno. "Dekha," aliniambia, "wewe ni mikono ya nyumba hii. Kichwa kiko Amerika." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenisifu.

Nilikwenda posta nikakupigia simu. Iliita mahali fulani huko kwenu bila kupokelewa. Ulikuwa kazini, au umelala baada ya kazi. Simu ya dukani, ile uliyokuwa ukipiga wewe, ilikuwa imekufa tangu mvua kubwa. Nikasema basi nikuandikie. Hooyo akakataa. "Karatasi haina koo," alisema. Kwa hiyo tukakurekodia kaseti kama desturi yetu ilivyo, tukampa msafiri. Najua uliisikiliza. Hooyo alikueleza mwenyewe habari ya zile pete za rangi, na nyuma yake mbuzi alikuwa analia.

Hukuwahi kuona Hooyo anavyopokea kaseti zako. Anamimina chai ya maziwa glasi mbili, moja anaiweka mbele ya redio. Wewe ukisalimu, anaitikia. Ukikohoa, anasema Mungu akuponye. Mwisho wa kaseti anainywa na ile glasi yako ikiwa imepoa, kwa sababu sukari haitupwi.

Jibu lako lilikuja ndani ya boksi. Safari hii hukutuma kaseti ya kawaida. Ulituma mashine ya mezani kutoka ofisi unayosafisha, ambayo wakubwa wako walikuwa wanaitupa, na ndani yake kaseti ndogo kama kiberiti. Ulidhani unatuletea kitu kizuri zaidi. Hakuna redio Garissa nzima inayomeza kaseti ya udogo ule. Wala mashine haikuwa na mahali pa kutia mawe ya betri. Ilikuwa na tundu moja tu nyuma, na waya mrefu uliokwenda kwenye adapta nyeusi, nzito kama jiwe la mafiga. Kwenye pini zake mbili bapa ulikuwa umechomeka kichwa cha pini tatu ili kiingie kwenye soketi zetu.

Nilikiona kichwa kile nikafikiri: kaka yangu amekumbuka kila kitu.

Nyumba ilijaa watu. Hooyo alimimina chai. Abti akachomeka. Adapta ikaanza kunguruma, na mngurumo wenyewe haukuwa wa paka; ulikuwa wa nyuki waliochokozwa. Kaseti ikazunguka, ukasema, "Hooyo macaan, mama mtamu, ni mimi, Abdullahi," na Hooyo akafungua mdomo kukuitikia. Harufu ya vanishi inayoungua ikajaa chumbani, ukanyamaza.

"Mmemkata ulimi," alisema Hooyo. Hakutaka kutoka pale hadi glasi zote mbili zilipopoa.

Asubuhi Abti na mimi tukaibeba mashine hadi kwa Mutua, yule fundi redio kutoka Mwingi aliye nyuma ya stendi. Unamjua Abti na Kiswahili chake. Aliiweka adapta juu ya meza kama mtu anayeleta mgonjwa.

"Fundi, hii kitu imekufa ama imelala?"

Mutua akagusa pini kwa mita yake. Sindano haikusogea. "Imekufa, mzee."

"Fufua."

"Mzee, mimi si nabii."

"Basi wewe ni fundi ya nini?"

Alipasua gamba la plastiki kwa msumeno, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaona ndani. Abboowe, hamna kitu mle. Nilitegemea msitu wa vidude. Kulikuwa na vipande vya bati la chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na katikati koili mbili za shaba. Moja ni ya waya mwembamba kama unywele, mizunguko mingi sana. Hiyo ndiyo inayopokea umeme wa ukutani. Ya pili ni ya waya mnene kidogo, mizunguko michache. Hiyo ndiyo inayokwenda kwenye mashine. Kati yao kuna ukuta wa plastiki. Hazigusani, kama ulivyosema.

Mutua alibandua utepe wa njano juu ya koili nyembamba, akatoa fyuzi ndogo kama kidonge. "Hii ndiyo imekatika kwa joto. Tuunge waya moja kwa moja, mchezo uishe."

Nilikuwa nasoma maandishi ya kwenye gamba. Kuingia: AC 120 V. Kutoka: AC 9 V.

"Usiunge," nilimwambia. "Ukutani kwetu ni mia mbili na arobaini. Itaungua tena, na safari hii itaunguza mashine."

Akalichukua gamba, akalisogeza karibu na macho, akapiga mluzi. "Dada, hii imekunywa mara mbili ya tumbo lake."

Ndivyo ilivyokuwa. Ulibadilisha miguu ya adapta, hukuuliza habari ya tumbo lake.

Nilirudi nyumbani na koili zile mkobani, nikafungua kitabu cha fizikia ulichoniachia, kile chenye jina lako kwenye jalada. Kanuni ilikuwa palepale, lakini aliyenielewesha ni Hooyo, naye hajui hata leo. Alikuwa uani ameshika chombo cha maziwa mapajani, anakitikisa ili siagi itoke. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Maziwa hayaendi popote. Yanakwenda na kurudi mle mle, na bado kitu kinazaliwa. Nikaelewa kwamba umeme wa ukutani ndivyo ulivyo. Hausafiri kutoka koili moja hadi nyingine. Unatikisika ndani ya koili ya kwanza, mtikisiko unakifanya chuma kiwe sumaku huku, kisha kule, na sumaku hiyo inayogeukageuka inatikisa umeme mwingine ndani ya koili ya pili. Mizunguko ikiwa michache, mtikisiko unaotoka ni mdogo. Ukiitia betri kwenye koili ya kwanza hupati kitu upande wa pili, maana betri haitikisi; inasukuma tu. Na chuma kina kiasi chake cha kubeba sumaku. Ukiongeza nguvu baada ya kushiba, koili inakosa kitu cha kuuzuia umeme, umeme unamwagika ndani yake, nayo inaungua.

Nilijua sasa kilichoua adapta. Lakini Hooyo hakuhitaji kujua kilichoiua. Alihitaji sauti yako. Kila siku aliniuliza, "Ulimi umerudi?" na kila siku nilipomtazama alikuwa amegeuza uso kidogo zaidi ili anione.

Adapta za sokoni zote zilikuwa za kutoa DC, umeme wa kwenda upande mmoja tu. Mutua alikataa kuzitumia. "Imeandikwa AC. Ukitia DC ni wewe na Mungu wako." Nilimwomba afungue mashine yenyewe. Nilitaka kuona umeme ukiingia kwenye tundu la nyuma unaelekea wapi, kwa sababu nilikuwa nimejiuliza swali moja: mota ya kaseti inazunguka upande mmoja. Inawezaje kuzungushwa na umeme unaokwenda na kurudi?

Haiwezi. Hatua chache tu kutoka kwenye tundu zilikaa diodi nne, vidude vyeusi vyenye mstari mweupe, zimepangwa mraba. Kila moja ni kama mlango wa boma unaofunguka upande mmoja. Umeme ukija kutoka kushoto unapitia milango miwili. Ukija kutoka kulia unapitia ile mingine miwili. Kwa vyovyote unatokea upande uleule. Baada yake kulikuwa na kapasita nene kama gunzi, inayoujaza na kuutuliza umeme usitoke kwa kurukaruka, kama tangi linavyotuliza maji ya pampu.

"Kwa hiyo hata ukija ule wa upande mmoja," nilimwambia Mutua, "utapata milango miwili iliyo wazi. Ile mingine itakaa tu imefungwa. Tutumie betri ya gari ya Abti."

"Na chanya tuweke upande gani?"

"Wowote."

"Wowote!" Akageukia wateja wake. "Mmesikia elimu ya kidato cha nne? Wowote!" Kisha akasogeza kiti chake nyuma. "Unga wewe. Ikiungua, mimi sikuwepo."

Niliunga. Taa nyekundu ikawaka. Abti akapiga takbira hadi muuza miraa wa jirani akaja kuchungulia. Mutua akanigeuzia waya kwa makusudi ili anikomoe, taa ikawaka vilevile, naye akacheka akasema ningekuwa mwanamume angeniandika kazi. Nilimwambia angekuwa na akili ningeikubali. Nilikuwa na furaha, Abboowe. Sijawahi kufurahi hivyo tangu matokeo ya mtihani. Nililibeba betri lile zito kifuani njia nzima, asidi ikanitoboa buibui, nikawaza: leo Hooyo ataambiwa aende, na kesho tutapanda basi.

Hukumuona alivyojipanga. Shuka safi kichwani, glasi mbili.

Nimeyaandika maneno yako kama yalivyo. Ulimsalimu. Ulisalimu wote kwa majina. Ukasema, "Hooyo, nimesikia habari ya macho. Nimeuliza watu huku. Yupo mzee wa kwetu aliyekatwa jicho akatoka haoni kabisa. Usikubali wakuguse. Mvua ikikatika nitakuja, nikupeleke mimi mwenyewe kwa daktari ninayemwamini. Abti, nakuomba, asiguswe mama yangu mpaka nifike." Halafu, "Dekha, ahsante kwa kumwangalia." Halafu habari za theluji, na lifti za ofisini, ambazo ulizieleza kwa urefu.

Hooyo alikuwa anatabasamu. "Mmesikia? Anakuja."

"Hooyo, daktari alisema mapema. Alisema kikifa hakirudi."

"Daktari amezaliwa na mimi?"

Nilimgeukia Abti. Alikuwa anatazama taa nyekundu ya mashine. "Kichwa kimesema," alisema.

Mvua ikakatika. Uliandika kwamba karatasi zako hazijatoka, ukitoka huko hutaruhusiwa kurudi. Nilielewa. Nani wa huku asiyejua habari ya karatasi? Hata mimi nikivuka daraja la Tana nashushwa kwenye basi kuonyesha kwamba ni Mkenya. Lakini kama huwezi kuja, si useme "mpelekeni"? Neno moja. Ungeweza kumpa msafiri yeyote, hata kwenye karatasi isiyo na koo, ningelipigania. Badala yake uliandika "baada ya Idd". Kisha "mwaka mpya, inshallah". Kila barua uliisogeza mbele, na kila barua Hooyo aliipokea kama ahadi mpya, tamu kuliko ile iliyooza.

Macho yalifungwa kuanzia pembeni, kama daktari alivyosema. Aliona mtu aliye mbele yake lakini akamkanyaga mbuzi aliye miguuni. Alimimina chai nje ya glasi, akasema glasi za siku hizi ni ndogo. Alificha kwa ustadi. Alijua hatua za kila kona ya nyumba. Siku moja mchana alikuwa amekaa kizingitini akichagua mchele, akanikemea kwa nini nimefunga mlango na yeye anafanya kazi. Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa limemjaa mapajani. Alishusha mkono taratibu juu ya goti lake, akasikia joto, akauacha pale. Mchele akaendelea kuuchagua kwa vidole.

Siku hiyo sikumuuliza Abti. Nilikata tiketi.

Daktari wa Nairobi alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alimulika macho yale kwa muda mrefu, akazima kurunzi yake. "Mlikuwa wapi?" aliuliza. Nikamtafsiria Hooyo. Akajibu bila aibu yoyote, nami nikatafsiri: "Anasema alikuwa anamngoja mwanawe."

Daktari akanitazama. "Na wewe ni nani wake?"

"Ni binti yake," nilisema.

Watu wananiambia nisijilaumu, kwamba nilifanya niwezalo. Sijilaumu. Nimelipima jambo hili kama nilivyopima ile adapta, na najua palipoungua. Linalonikera ni jingine: kama ningekuwa mjinga, kama Mutua angesema imekufa nami nikakubali, Hooyo angengoja wiki mbili tatu, angechoka, na mimi ningemshinda kwa maneno. Kimya chako kingemwacha apone. Kila nilichojifunza, koili, chuma, milango ile minne, nilikitumia kuifikisha kwake amri yako. Na aliyekuwa na haraka kuliko wote ni mimi.

Sasa unaandika kwamba karatasi zimetoka, na mwezi ujao utafika na mke wako. Umenunua mashine mpya kwa ajili ya Hooyo, na adapta yake ni ya mia mbili na arobaini, umehakikisha dukani. Nimeisoma sentensi hiyo nikaiweka barua chini nikaenda kuchota maji, kwa sababu nilitaka kupasua kitu.

Yeye hana neno nawe. Sharti ulijue hilo, maana litakuuma zaidi ya barua hii, na ndiyo maana nakuambia. Majirani wakikusema, anawafukuza. Amesema godoro lako lianikwe. Abti analiepuka jicho langu, naye amenunua mbuzi wa kukuchinjia. Mimi nitapika, nitamkaribisha mke wako kama dada, na mbele za watu sitakuaibisha. Lakini usinishukuru kwa kumwangalia. Neno hilo usilirudie katika nyumba hii.

Mengine ni ya kukuelekeza tu, kwa kuwa huijui nyumba ilivyo sasa. Ukifika, usisimame mlangoni ukitabasamu ukingoja akutambue. Wageni wote hufanya hivyo, kisha wanaona haya. Sema jina lako. Piga magoti karibu naye, mwache akuguse uso. Anaanza na paji, anashuka polepole, anarudi juu, kwa sababu uso ulioondoka nao ulikuwa wa kijana na huu hajawahi kuuona. Itachukua muda. Mikono yake inanuka vitunguu na ina makovu ya moto. Usiondoe uso.

Nakuombea safari ya salama,

Dada yako, mikono ya nyumba